Jua, Maji na Negativu ya Shosh: Venye Unaweza Kuchapa Picha za Bluu Bila Stima, Bila Studio

Hebu fungua picha kwa simu yako sai. Uko na ngapi? Elfu tatu? Elfu saba? Sasa jiulize swali moja tu: hiyo simu ikinyakuliwa leo jioni pale stage, kesho asubuhi utabaki na picha ngapi za watu wako?

Mimi nililijibu hilo swali kwa njia mbaya. Simu ilienda, na kila kitu kikaenda nayo: video za bash, picha za chuo, na zile mbili za mwisho nilizompiga shosh kabla hajatuacha. Simu ilikuwa imenionya miezi sita mzima kwamba nafasi imejaa, nikajifanya sioni. Noma sana.

Halafu tulipoenda ushago kupanga vitu vyake, mathe akavuta bahasha ya khaki chini ya godoro. Ndani kulikuwa na kipande kimoja cha filamu, kikubwa karibu kama kiganja. Nikakishika kwa dirisha. Nikaona dem amesimama kando ya kiti, gauni jeusi ti, meno meusi, sura inang'aa kama taa. Kila kitu kimegeuzwa: kilicho cheupe ni cheusi, kilicho cheusi ni cheupe. Hiyo ndiyo negativu. Na huyo dem alikuwa shosh, kabla hajakuwa shosh wa mtu.

Picha yenyewe iliyochapwa kutoka kwa hiyo filamu ilipotea kitambo. Kilichobaki ni negativu tu. Sasa unaitoa picha aje na studio nyingi za kuosha filamu zilifunga digital ilipoingia? Kuna njia, msee. Ni ya zamani kushinda hizo studio zote, na haitaki stima wala chumba cha giza. Inaitwa sayanotaipu. Kaa hapo nikushow venye inaenda.

Kwanza, hii kitu ilitoka wapi?

Mwaka wa 1842, mwanasayansi Mwingereza aitwaye John Herschel aligundua kwamba ukipaka karatasi mchanganyiko fulani wenye madini ya chuma, halafu uiweke juani, penye jua limegusa panageuka bluu kali ambayo haitoki kwa maji. Penye jua halijagusa, dawa inaoshwa na karatasi inabaki nyeupe. Ndio hiyo. Hiyo ndiyo teknolojia yote.

Mwaka uliofuata, 1843, mama mmoja hukohuko Uingereza, Anna Atkins, alianza kutoa kitabu cha mimea ya baharini akitumia njia hiyo. Hakuwa hata na haja ya kamera. Alilaza mmea juu ya karatasi, akaweka juani, akaosha. Kitabu chake kinahesabiwa kuwa cha kwanza duniani kuwekwa picha za aina hii ya mwanga.

Baadaye wachoraji wa majengo wakaona hapa kuna form. Unachora ramani moja kwa karatasi inayopitisha mwanga, unailaza juu ya karatasi iliyopakwa dawa, jua linafanya kopi. Mistari inabaki nyeupe, kila kitu kingine bluu. Zile kopi ndizo ziliitwa bluprinti. Kwa hivyo ukisikia mwanasiasa kwa TV akisema Vision 2030 ni bluprinti ya nchi, jua anaongea kuhusu picha ya bluu bila kujua.

Inafanya kazi aje?

Unahitaji dawa mbili tu. Ya kwanza ni feriki amoniamu sitreti, ile ya rangi ya kijani. Ya pili ni potasiamu ferisayanaidi, chembechembe nyekundu-chungwa. Zikikaa gizani pamoja, hakuna drama. Zikipigwa na miale ya UV ya jua, chuma kilicho ndani ya ile ya kwanza kinabadilika hali, kinashikana na ile ya pili, na wakizaa mtoto anaitwa bluu ya Prussia. Huyo mtoto hayeyuki kwa maji. Ameingia ndani ya nyuzi za karatasi, ameshika.

Sasa weka negativu hapo katikati ya jua na karatasi. Penye negativu ni nyeusi, jua linazuiwa, karatasi inabaki nyeupe. Penye negativu ni ang'avu, jua linapita, karatasi inageuka bluu. Kumbuka gauni la shosh lilikuwa jeusi kwa filamu? Kwa karatasi litatoka jeupe, venye lilikuwa siku hiyo. Kila kitu kinarudi mahali pake.

Mbona negativu lazima iwe kubwa?

Hapa ndipo wasee wengi hupotea, kwa hivyo sikiza. Studio ya kawaida hutumia mashine yenye balbu na lenzi kukuza negativu ndogo iwe picha kubwa. Lakini dawa ya sayanotaipu ni mvivu. Mwanga wa balbu ya kawaida haiusikii. Inataka UV nyingi, dakika nyingi, na hiyo unaipata kwa jua. Huwezi kupitisha jua kwa ile mashine.

Kwa hivyo negativu inalazwa moja kwa moja juu ya karatasi, ngozi kwa ngozi. Maana yake: saizi ya negativu ndiyo saizi ya picha. Ile filamu ndogo ya kamera za kawaida, ya milimita 35, ina kipimo cha milimita 24 kwa 36. Ukiichapa hivi utapata picha ndogo kuliko ya passport. Utaiweka wapi, kwa pete?

Lakini kamera kubwa za zamani, zile za miguu mitatu ambapo mpiga picha anajifunika kitambaa cheusi, zinatumia filamu ya inchi 4 kwa 5, zingine inchi 8 kwa 10. Hapo unapata picha ya kushika mkononi au kuweka kwa fremu, na kila uzi wa gauni unaonekana, juu hakuna kitu kimekuzwa. Ndio maana ukipata filamu kama hiyo kwa boksi la mzae wako, usiitupe ukidhani ni takataka ya plastiki.

Kabla ya yote: linda hiyo negativu

Usiguse dawa kama hujafanya haya matatu.

Moja, ipige picha. Weka skrini ya kompyuta au simu ya mtu iwe nyeupe kabisa, inua negativu kidogo juu yake, piga picha na simu yako, geuza rangi. Tuma kwa email yako, tuma kwa grupu ya familia. Hata ukichoma mbele, hiyo kopi iko.

Mbili, angalia ukingo wa filamu. Ukiona neno SAFETY limeandikwa, uko fiti. Kabla ya miaka ya 1950 kulikuwa na filamu za naitreti, na hizo hushika moto vibaya sana. Kama filamu ni ya zamani hivyo, haina hilo neno, inanuka kali, inanata au imegeuka kahawia, usiipeleke juani. Iweke mahali baridi, mbali na moto, na utumie ile kopi ya simu.

Tatu, shika kwa kingo tu. Mafuta ya vidole hayatoki.

Vitu za kununua

Dawa zote mbili utazipata kwa maduka yanayouza kemikali za maabara. Huhitaji kilo. Chukua gramu 5 za ile ya kijani, yeyusha kwa mililita 20 za maji. Hiyo ni chupa A. Chukua gramu 2 za ile nyekundu, yeyusha kwa mililita 20 za maji. Hiyo ni chupa B. Kwa picha moja ya inchi 4 kwa 5, mililita 1 ya A na 1 ya B zinatosha na kubaki. Hapo uko na picha kama 20.

Karatasi: tafuta ile nzito ya kuchorea na rangi za maji. Karatasi ya fotokopi itararuka ukiiosha. Ongeza brashi laini ama kipande cha sponji, glavu, fremu ya picha yenye kioo, na vibanio vya nguo. Basi.

Sasa mambo ya usalama, na hapa sichezi. Hilo neno sayanaidi linatisha, lakini ndani ya hii dawa sumu yenyewe imefungwa na chuma na haitoki hivihivi. Kinachoweza kuifungua ni asidi kali au moto. Kwa hivyo usichanganye na asidi ya betri au ile ya kusafisha choo, na usiichemshe. Usitumie kikombe wala kijiko ambacho kitarudi jikoni. Na tafadhali, usiweke dawa kwa chupa ya soda. Mtoto wa plot ataona chupa ya soda, hataona kemikali. Tumia chupa nyeusi au za kahawia, andika jina, weka juu kabisa.

Haya, twende kazi

1. Funga pazia, washa balbu moja dhaifu. Bedsitter yako inatosha. Vaa glavu. Changanya A na B kiasi sawa. Mchanganyiko ukishachanganywa utumie siku hiyo hiyo.

2. Paka karatasi. Pitisha brashi kwenda juu na chini, halafu kushoto na kulia, upesi na bila kuacha madimbwi. Rangi itakuwa manjano-kijani, kama majani chai ya kijani.

3. Weka gizani ikauke kabisa. Ndani ya kabati ni poa. Nikisema kabisa namaanisha kabisa, juu karatasi yenye unyevu itanata kwa negativu na hapo utalia. Kama negativu ni moja tu duniani kama yangu, weka plastiki ang'avu nyembamba sana katikati.

4. Panga sandwichi: ubao chini, karatasi iliyopakwa, negativu juu yake, kioo mwisho. Negativu ina upande unaong'aa na upande usiong'aa. Ule usiong'aa ndio unagusa karatasi. Ukigeuza, shosh atatoka akiangalia upande mwingine, na picha itakuwa na ukungu. Bana vizuri.

5. Peleka juani. Sisi tumebarikiwa hapa, wasee. Nairobi iko karibu kabisa na ikweta na zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, kwa hivyo UV haina mchezo. Kati ya saa tano na saa nane mchana, anza na dakika 10. Lakini usibahatishe na karatasi yote: kata kipande kidogo, kifunike na kadibodi, ukiisogeza kila dakika 3, uone ni muda gani unatoa bluu nzuri.

6. Angalia kingo za karatasi zilizo nje ya negativu. Zitatoka manjano, ziende bluu, halafu zigeuke kijivu kama majivu. Wengi huona bluu wakakimbia kuitoa. Tulia. Ukiosha, picha inapauka sana, kwa hivyo iache ipite kiasi.

7. Osha kwa maji safi dakika 10 hivi, ukibadilisha, mpaka maji yasitoe manjano tena na sehemu nyeupe ziwe nyeupe. Hapa ndipo utapiga nduru. Sura inatokea ndani ya beseni polepole, kama mtu anayetoka kwa ukungu.

8. Anika kivulini. Bluu itaendelea kukolea kwa siku moja. Ukiwa na haraka, weka matone ya haidrojeni peroksaidi ya kemisti kwa maji ya mwisho, inakolea hapo hapo.

Penye mimi nilichoma

Jaribio la kwanza nilifanya saa kumi jioni, mwezi wa Julai, wingu limefunga Nairobi yote. Dakika 10. Nikaosha, picha yote ikaenda na maji. Karatasi nyeupe pe. Wingu halizuii UV yote, lakini lazima uongeze muda sana, na jioni ndio kabisa.

La pili, jua safi, muda safi. Picha ikatoka, nikaona mpaka shanga za shingoni. Nikaiweka kwa beseni lingine imalizie kuoshwa, nikaenda kufungulia mtu mlango. Kurudi, bluu imepauka kuwa manjano-manjano, sura imeisha. Unajua ni nini? Beseni lilikuwa la kufulia, na lilikuwa na sabuni ya unga iliyobaki. Bluu ya Prussia inaogopa alkali, na sabuni ya kufua ni alkali. Maji mengine ya borehole pia yana tabia hiyo. Dawa yake: tumia beseni lisilojua sabuni, na ukishuku maji, weka kijiko cha siki au kamulia ndimu kwa lita moja ya kwanza. Siki ya jikoni ikiwa imepunguzwa hivyo haina shida.

La tatu likatoka, lakini sura na ukuta zilikuwa karibu rangi moja. Hii si makosa ya jua. Sayanotaipu inataka negativu yenye tofauti kubwa kati ya nyeusi na ang'avu, kushinda karatasi za studio. Filamu ya shosh ilikuwa laini kidogo. Nikapaka karatasi mara mbili, nikingoja ya kwanza ikauke, nikaongeza muda. La nne ndilo liko kwa ukuta wangu sai.

Na kama huna negativu ya kitambo?

Usijali. Angalia chini ya kitanda cha mzazi wako, kuna ile bahasha kubwa ya hospitali. Eksirei! Ile ni negativu kubwa kushinda zote, ya kifua inaweza kufika sentimita 35 kwa 43. Mifupa ni mieupe kwa filamu, kwa hivyo itatoka bluu kwenye karatasi nyeupe. Kali sana kwa ukuta. Omba ruhusa ya mwenye mbavu tu, na uirudishe, daktari anaweza kuitaka.

Njia ya pili: chukua picha yoyote ya simu, iweke nyeusi na nyeupe, ongeza tofauti ya giza na mwanga, geuza rangi iwe negativu, halafu mwambie jamaa wa saiba akuprintie kwa karatasi ya plastiki ang'avu, saizi ya A4. Kama wino ni mwepesi, printi mbili na uzipange moja juu ya nyingine sawasawa. Hapo unatengeneza picha kubwa ya mtu yeyote bila kamera kubwa. Na kama filamu yako ya zamani ni laini sana au ni hatari kwa moto, hii ndiyo njia yake pia.

Ukichoka na bluu, pika strungi kali, bila maziwa bila sukari, iache ipoe, loweka picha iliyokauka. Tanini ya majani inashika chuma na bluu inaenda karibu nyeusi. Karatasi nayo inageuka rangi ya chai kidogo. Chai ya Kericho ikifanya kazi ya studio, nani angedhani?

Itakaa?

Itakaa kushinda simu yako. Usiiweke mbele ya jua kila siku, itapauka. Lakini hata ikipauka hivyo, ukiiweka gizani siku kadhaa bluu hurudi kiasi kikubwa. Sijui kitu kingine mtaani kinachopona kwa kulala.

Picha ya shosh nilipompelekea mathe, aliishika kwa dirisha muda mrefu. Sistangu mdogo akauliza, "Mathe, hii ulipigwa lini?" Mathe akacheka, halafu akanyamaza. Hapo ndipo tulijua hatukuwa tumewahi kuona wanafanana.

Kisha akageuza karatasi kuangalia nyuma. Hakukuwa na kitu. Hatujui studio gani, siku gani, mwaka gani, wala nani alimnunulia lile gauni. Wa kutuambia alikuwa mmoja tu, na sisi tulikuwa bize na simu.

Kwa hivyo leo, kabla hujatafuta dawa wala karatasi, pigia shosh wako, guka wako, ama huyo anti anayejua kila mtu. Muulize kama kuna filamu za zamani mahali, na ni nani wako ndani. Halafu ukishachapa, andika nyuma kwa penseli, si kalamu: jina, mahali, mwaka. Jua litafanya hiyo kazi nyingine yote.